Mstari wa La Sivyo

Nyanchoka alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba ya kungojea, miguu ameinyoosha mbele, kadi ya kliniki ameikandamiza kifuani kama mtu anayeilinda hati ya shamba lake. Mzee Ondieki, mlinzi wa hospitali, alikuwa amemwomba aondoke mara mbili. Mara ya tatu hakuomba tena. Alisimama tu kando yake, kofia mkononi, akitazama kwingine kwa haya.

"Mwambie aliyekutuma," Nyanchoka alisema, "kwamba mimi nimezaa mara nne. Mashine yake imezaa mara ngapi?"

Maneno hayo yalipenya dirisha la chumba cha rekodi, ng'ambo ya ua, yakamkuta Beverlyne Osoro mbele ya kompyuta. Aliacha kuandika.

Nyumba ya kungojea ilijengwa kwa ajili ya wanawake kama huyo. Walitoka mbali, nyuma ya vilima ambako mvua ikinyesha njia huteleza kama sabuni, wakaja kukaa karibu na daktari wiki zao za mwisho. Vitanda vilikuwa kumi na viwili na sharti lilikuwa moja: asipokewe yeyote aliyebakiza zaidi ya wiki tatu. Orodha iliyotoka kwenye kompyuta asubuhi ile ilisema kwamba Nyanchoka Anyona, wa Birongo, angejifungua tarehe nne Agosti. Nayo ilikuwa tarehe ishirini na saba Mei.

Beverlyne aliijua vizuri tarehe hiyo, maana ilikuwa kazi ya mikono yake. Miaka miwili nyuma, alipoajiriwa, tarehe za kina mama zilihesabiwa kwa vidole na kalenda ya ukutani, na kila muuguzi alikuwa na hesabu yake. Ni yeye aliyezihamishia kwenye hifadhidata. Ni yeye aliyeandika ulizo, yale maagizo machache ambayo kila alfajiri yaliipitia hifadhidata na kumpa kila mama siku yake. Bwana Obwocha, msimamizi wa hospitali, alimsifu mbele ya kamati nzima. Tangu hapo Beverlyne alitembea uani akiwa amenyooka kidogo zaidi.

Alivuka ua akiwa na nia ya kueleza kwa upole. Walizungumza Kigusii.

"Mama, hujafukuzwa. Ni kwamba siku zako bado. Utarudi mwezi wa saba."

Nyanchoka alimwangalia kuanzia viatu hadi nywele. "Wewe ndiye mwenye mashine?"

"Ni mimi."

"Basi keti."

Beverlyne akajikuta ameketi ngazini kama msichana aliyeitwa na shangazi yake.

"Siku zangu za mwisho niliziona Sabato ya kufunga makambi ya kanisa," Nyanchoka alisema. "Nilikuwa nimevaa sketi nyeupe ya kwaya. Nilitoka kanisani mbio kabla ya ombi la mwisho, nimejifunga sweta kiunoni, na wanakwaya wote wakaniona. Kitu kama hicho mtu atakisahau? Nikaja kliniki mwezi wa Januari. Muuguzi akaniuliza tarehe, nikamwambia makambi. Akasema makambi si tarehe. Akaacha pale wazi."

"Akaacha wazi," Beverlyne alirudia polepole.

"Wa nne nilimzalia njiani." Sauti ya Nyanchoka haikupanda wala kushuka. "Niliambiwa hivi hivi, kwamba bado, rudi nyumbani. Uchungu ukaniamsha, mvua inanyesha, pikipiki ikakwama kwenye matope. Mume wangu alinishikia mwavuli. Mtoto alitoka hana sauti. Kwa hiyo leo, binti yangu, hata mkiita polisi, sitoki hapa. Watanibeba, na mimi si mwepesi."

Beverlyne alirudi chumbani na kulifungua ulizo lake. Alikuwa hajalisoma tangu siku alipolimaliza. Ikiwa tarehe ya hedhi ya mwisho ipo, lilisema, ongeza siku mia mbili na themanini. Ikiwa haipo lakini kuna picha ya tumbo, fuata vipimo vya picha. La sivyo, chukua siku ya kwanza ya kliniki, hesabu kwamba mimba ina wiki kumi na mbili, kisha ongeza wiki ishirini na nane zilizobaki.

La sivyo. Aliukumbuka mstari huo ulivyozaliwa. Ilikuwa Ijumaa, jua limeanza kuinama, naye alitaka kufika kwao Nyamira kabla Sabato haijaingia. Wiki kumi na mbili alizitoa kwenye kitabu kilichoandikwa mbali, kwa ajili ya wanawake wanaokwenda kliniki mara tu wanapojihisi. Hakumuuliza mtu yeyote ni lini wanawake wa Birongo na Marani huifikia kliniki kwa mara ya kwanza. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa vilima kama hivyo. Alijua kwamba mama huja tumbo likishaonekana, chai ikishachumwa na watoto wakisharudi shule. Alijua, na bado aliandika kumi na mbili, akazima kompyuta, akakimbilia gari.

Akachukua kalenda. Sabato ya kufunga makambi ilikuwa tarehe ishirini na nne Agosti. Siku mia mbili na themanini ni wiki arobaini kamili, kwa hiyo Sabato huangukia Sabato. Alihesabu mara mbili kwa mashine na mara ya tatu kwa kalamu. Tarehe thelathini na moja Mei. Zilibaki siku nne.

Kisha akauliza hifadhidata swali ambalo hakuwahi kuliuliza: ni wanawake wangapi, kati ya wasiojifungua bado, waliopewa siku kwa mstari ule wa mwisho? Jibu lilikuja upesi kuliko alivyotaka. Arobaini na mmoja.

Bwana Obwocha alimsikiliza hadi mwisho, vidole vikiwa vimefumana juu ya meza. Hakuwa mtu mbaya. Miaka mitatu alikuwa amezunguka na barua mkononi hadi nyumba ya kungojea ikajengwa, na Alhamisi hiyo wageni kutoka kwa wafadhili walikuwa wanakuja kuona kama inastahili kuongezwa vitanda kumi.

"Unataka niwaambie wageni kwamba tarehe zetu si za kweli?" aliuliza.

"Nataka kuzirekebisha kabla hawajafika."

"Kwa sababu ya mama mmoja aliyegoma kwenye ngazi."

"Kwa sababu ya wanawake arobaini na mmoja, Bwana Obwocha. Yeye ndiye pekee aliyegoma."

Obwocha alivua miwani. "Beverlyne, nakuheshimu. Andika barua. Kamati itakaa mwezi wa saba. Kwa sasa usiguse kitu. Mfumo wenye tarehe zinazobadilika ovyo nani atauamini?"

"Mwezi wa saba mtoto wa yule mama atakuwa na wiki sita," Beverlyne alisema. "Au hatakuwepo."

"Nimesema usiguse."

Beverlyne alitoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mkubwa wake. Katika ukoo wao yeye ndiye aliyesifiwa kwa utii. Mwalimu wake wa darasa la nane aliliandika neno hilo kwenye ripoti kwa wino mwekundu, na mama yake akaitundika ripoti sebuleni. Sasa alisimama kwenye varanda na kugundua kwamba hana hamu ya kusifiwa. Alijisikia mwepesi na mwenye hofu kwa wakati mmoja.

Alimwendea kwanza Sista Marion, muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, akamwomba aje ngazini. Sista alipiga magoti, akaweka mikono yake mipana juu ya tumbo la Nyanchoka, akafumba macho.

"Kichwa kimeshuka," alisema. "Huyu hafiki Jumapili."

"Sista, ulikuwa unaona hivi siku zote?"

"Mikono yangu ilikuwa inaona."

"Mbona hukusema?"

Sista Marion alijiinua taratibu. "Nilisema mara ya kwanza. Nikaonyeshwa karatasi yako. Mara ya pili nikaonyeshwa karatasi yako. Mtu huchoka kubishana na karatasi, mwanangu." Halafu akamshika Nyanchoka mkono, akampitisha mbele ya Mzee Ondieki hadi kitanda cha nane. Mzee Ondieki alivaa kofia yake na kujifanya anaangalia lango.

Mchana huo Beverlyne aliugusa mfumo. Aliongeza safu mpya kwa ajili ya yale wanawake wanayoyakumbuka: makambi, Krismasi, shule kufungwa, mazishi ya mtu mashuhuri, juma la kupanda mbegu za wimbi. Mbele ya kila tukio aliweka tarehe yake. Ikiwa tarehe ya hedhi haipo na picha haipo, lakini tukio linajulikana, ongeza siku mia mbili na themanini kuanzia siku ya tukio. Alipofika kwenye mstari wa mwisho aliufuta wote, akakaa akiitazama nafasi tupu. Kisha akaandika: la sivyo, haijulikani, apimwe kwa mkono. Miaka miwili alikuwa ameifundisha mashine kujibu kila kitu. Haikuwa imemjia kuifundisha kusema haijui. Chini yake, mahali ambapo mashine haisomi lakini watu husoma, aliandika jina lake kamili na tarehe ya siku hiyo.

Baada ya hapo akaanza kupiga simu. "Habari yako, mama. Napiga kutoka hospitali. Tarehe tuliyokupa huenda si sahihi. Unakumbuka nini kilichokuwa kikiendelea siku zako za mwisho?" Wengine walicheka. Mmoja alimtukana kwanza, akajibu baadaye. Mwingine alisema kwa sauti ndogo, "Nilimwambia mume wangu kwamba imekaribia. Akasema hospitali inajua zaidi." Kila simu ilimchoma mahali papya. Aliendelea kupiga.

Alhamisi asubuhi nyumba ya kungojea ilikuwa na wanawake kumi na tisa, saba kati yao kwenye magodoro yaliyotandazwa ukumbini. Bwana Obwocha aliingia chumba cha rekodi akiwa na tai ya sherehe.

"Rudisha jinsi ilivyokuwa."

"Sirudishi."

"Nitakufungia mfumo."

"Funga. Orodha iko kwa Sista Marion, imeandikwa kwa kalamu." Beverlyne alisimama, kwa sababu aliona si vizuri kusema lililofuata akiwa ameketi. "Na wageni wakiniuliza nitawaeleza kwamba kosa lilikuwa langu. Nitaeleza pia siku niliyokuambia, na ulichonijibu."

Obwocha alikaza tai yake, akatoka. Nje magari ya wageni yalikuwa yakipanda kilima. Wageni waliingia, wakavuka magodoro kwa uangalifu, wakauliza maswali, wakaandika. Walipoondoka hakuna aliyejua wameandika nini.

Ijumaa alasiri, Nyanchoka alijifungua mtoto wa kike. Kilio kilivuka ua mzima. Beverlyne alitoa mikono kwenye vibonye na kuiweka mapajani, akasikiliza hadi kikanyamazishwa na ziwa la mama. Dakika chache baadaye karani alimletea bahasha. Alitakiwa kufika mbele ya kamati ya nidhamu Jumanne, saa nne asubuhi, aeleze ni kwa nini asiachishwe kazi.

Kufikia Jumatatu alikuwa amewapata wanawake arobaini. Wa arobaini na moja hakupatikana. Cynthia, miaka kumi na tisa, wa Marani, mimba ya kwanza. Mashine ilikuwa imempa mwezi wa tisa. Muuguzi aliyempokea alikumbuka kwamba msichana huyo alitaja siku za kufungua shule, muhula wa tatu, na kwa hesabu hiyo siku yake ilikuwa imefika. Nambari yake haikuita kabisa.

Jumanne asubuhi Beverlyne alisimama mjini Kisii akiwa amevaa blauzi aliyoipigia pasi kwa ajili ya kamati, faili kwapani. Waendesha pikipiki walimwita kutoka pande zote. Njia ya hospitali ilikuwa kushoto. Aliangalia saa: tatu na robo. Akamwendea aliyekuwa karibu zaidi.

"Marani," alisema. "Na ukiweza, bila kusimama."

Simu yake ilianza kutetemeka saa nne kamili, alipokuwa akiteremka kwa miguu kijia chembamba kati ya migomba, viatu vya ofisini vikizama kwenye udongo mwekundu. Ilikuwa nambari ya Bwana Obwocha. Aliiacha itetemeke hadi ikachoka, akaizima.

Boma aliloelekezwa lilikuwa na nyumba moja ya mabati na jiko pembeni. Hapakuwa na nguo kwenye kamba. Kuku mmoja alikuwa akichakura mlangoni. Beverlyne alipiga hodi, akangoja, akapiga tena. Mlango ulifunguliwa nusu na mama wa makamo mwenye kitambaa cheusi kichwani, mikono imelowa maji hadi kwenye viwiko.

"Wewe ni nani?"

Beverlyne alikuwa ametayarisha maneno njiani, ya heshima na yenye mpangilio. Yote yalimpotea.

"Naitwa Beverlyne, mama. Mimi ndiye niliyemwandikia Cynthia tarehe. Nilikosea."

Mama yule alimtazama: faili, blauzi, matope yaliyofika kwenye vifundo vya miguu. Kisha akasogea kando, taratibu, akaacha mlango wazi. Kutoka kwenye giza la ndani Beverlyne alisikia msichana akihema kwa uchungu, pumzi ndefu, kisha nyingine, na akavua viatu akaingia.