Karatasi Isiyoshika Mafuta

...bure, bure ya nini, mimi tangu niingie Kakuma sijaona kitu cha bure ambacho hakikurudi baadaye kunitafuta, ukipewa chandarua lazima upigwe picha umekishika, ukipewa sabuni unaulizwa kama unajua kunawa mikono, na sasa gazeti la bure limemtuma huyu binti na tableti yake aniulize kama nimelipenda, sambusa ziko kwenye karai, afande yuko kwenye benchi anakula, na huyu binti ameona aje leo, si jana, si wiki iliyopita, leo, siku ile ile ambayo mwanangu Abshir ametokea humo gazetini... "Mama Ruqiyo, hii gazeti yetu hukufikia kila mwezi?" Ameniita jina, nani amempa jina langu, labda Rooda wa duka la jirani, mdomo wa Rooda hauna mlango, au amelisoma tu pale juu, HOTELI YA RUQIYO, ndiyo, limeandikwa, niliandikisha mwenyewe kwa rangi nyekundu, haya. "Inafika," nasema, na anabonyeza, neno moja tu nimesema lakini yeye bado anabonyeza, anaandika nini kirefu hivyo? Anaitwa Akaale, mtoto wa kijiji cha Lopur hapo, ndivyo alivyosema, ametusalimia kwa ejok ya kwao akaongeza na salaam aleikum, adabu anayo, lakini adabu ndiyo inayonitia wasiwasi, anayekuja na makelele unamjua anataka nini mapema.

Nimeukalia ukurasa. Umekunjwa chini ya paja langu, kila nikiinama kwenye karai unalia kra-kra, na naona kama kila mtu anausikia. Nilivyoupata ni kwa kazi yangu ya kila siku, simfungii mtu chakula kabla sijapitia karatasi, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu humo wanachapa dua za Ramadhani na aya, na jina la Mwenyezi Mungu halifungiwi sambusa wala halitupwi likakanyagwa na mbuzi, kurasa hizo zina gunia lake pale nyuma, tunazichoma kwa heshima, na nikikuta Mungu wa mahubiri ya Wakristo naye namtoa, sijui hukumu yake, siwezi kujaribu. Kazi hiyo tulikuwa tunaifanya na Abshir, yeye upande ule wa mkeka mimi upande huu, akinicheka, "Hooyo, mpaka matangazo ya tenda unasoma, unataka kujenga daraja?", mama gani hajawahi kuchekwa na mwanawe, nacheka na mimi... mpaka akaondoka, kabla ya Ramadhani, mwanamume mzima mwenye ndevu, bila kibali cha kutoka kambini, akasema anakwenda Lokichar kwa magari ya wakandarasi, akifika atapiga simu, na hakupiga, ukimpigia ni yule mwanamke wa kampuni anayesema mteja hapatikani, kwa sauti tamu kabisa, na mimi nakunja unga sijui kama nina mtoto au nina kaburi mahali kando ya barabara. Halafu asubuhi hii, ukurasa wa maoni ya wasomaji, huyo hapo, uso mdogo kama stempu.

"Na wewe mama hupenda sana sehemu gani?" "Zote sawa," nasema, na kugeuza sambusa, polepole, nisionekane naharakisha. Wameandika chini ya picha: Keinan, fundi wa magari, Lodwar. Keinan ni baba yake, marehemu mume wangu. Wenzake waliopangwa naye wamejibu yale maneno ya kwenye semina, linaelimisha, linaunganisha jamii, na yeye, mwanangu, aliyenifanya nisilale, anasema: "Nalipenda kwa karatasi yake, haishiki mafuta. Mama yangu hulipitia lote, hata tenda." Mjinga! Nimezaa mjinga! Mtu hana kibali, amejificha kwa jina la baba yake, halafu anapanua mdomo mbele ya kamera na kumtaja mama yake na mafuta yake, kwani Kakuma hii ni wangapi wanaofungia vyakula vya mafuta kwa gazeti, wafuate mafuta tu watanifikia, na huyu binti je, si ndiyo amefuata? Ama walishamkamata? Labda hiyo picha walimpiga akiwa mikononi mwao, wakamwambia cheka, sema kitu kuhusu kwenu, tujue ni kwa nani... hapana, nyuma yake kuna ukuta wa buluu na tairi, hapo ni gereji, kituo cha polisi hakiwekwi tairi ukutani... au kinawekwa? Na afande anakunjua karatasi yake. Anainyoosha juu ya goti. Anasoma! Mtu aliyekuja kula sambusa anasoma kitu gani, na mimi niliutoa ule ukurasa kwenye magazeti yote ya bunda, naapa niliutoa, huu mmoja nikaukalia, mingine nikaitia kwenye gunia pamoja na kurasa za Mungu, Mungu anisamehe, sikuwa na mahali pengine pa kumficha, lakini magazeti mengine yalikuwa yameshikana, kama moja lilinipita nitakuwa nimemkabidhi afande mwanangu kwa mkono wangu, na pilipili juu. Nanyoosha shingo. Ngamia. Ni picha ya ngamia anadungwa sindano ya chanjo. Afande anafuta vidole juu ya ngamia, anakunja, anachukua sambusa nyingine.

"Samahani mama, hii ni muhimu kidogo." Akaale ameinua macho kutoka kwenye tableti, sasa ananitazama mimi. "Hapa kwenu, nani husoma gazeti yote? Yaani yote, mpaka mwisho?" Haya. Limefika. Hilo ndilo lililomleta, hayo mengine yalikuwa ya kunilegeza, hulipitia lote, ndivyo alivyosema Abshir, na huyu anauliza nani hulipitia lote, nifanye nini, niseme Rooda? Rooda hajui kusoma. Niseme hakuna, na kweli hakuna, chifu hutafuta picha yake akiiona basi, vijana hukimbilia kazi wakakuta zimeshapita, wale Wakongo wa kwaya huangalia kwaya, ukurasa wa maoni nani anaufungua, watu wa Lodwar kusifu gazeti la bure, hakuna mtu Kakuma nzima anayeufikia ukurasa ule isipokuwa mimi... isipokuwa mimi. Na Abshir anajua. Amekaa mkeka mmoja na mimi tangu ana meno ya utoto, anajua simfungii mtu kitu kabla sijageuza kila karatasi, anajua hata aandikwe chini kabisa, nyuma ya tenda, nitamfikia. Aliulizwa swali la gazeti akajibu langu. Uko wapi? Lodwar. Unafanya nini? Fundi. Wanakujua? Hapana, najiita Keinan. Na kwenye picha kidevu kimeinuliwa vile, nimekuwa nikikiona tangu asubuhi na kukiita ujeuri, ndivyo alivyokuwa akikiinua mbele yangu kabla ya shule nimkague shingo kama ameoga, unaniona Hooyo, niko safi. Amenenepa hata mashavu. Nani anampikia? Lo, mpumbavu ni mimi, nimemtukana mtoto kutwa na yeye alikuwa ananisalimia! Macho yananichoma, najifuta kwa ncha ya shela, nakilaumu kitunguu kwa sauti ili afande asikie.

"Mama? Niandike nani?" Bado ananitazama, kidole kiko juu ya kioo, na sasa naona kidole chenyewe kimepasuka kwa vumbi, viatu vimepauka, ametembea na jua hili akiuliza swali lile lile kila mlango, na huenda ni binti tu wa Lopur aliyepata kibarua. Huenda. Siapi. Mtu wa kuaminiwa hana alama usoni na mimi nina mtoto mmoja tu. "Hakuna," nasema. "Andika mimi hapana soma. Mimi nafunga sambusa tu." Anabonyeza. Afande anasema aongezewe moto moto zitakapotoka, na zile kwenye karai ni zile zile, ndiyo kwanza zinaanza kushika rangi. Akaale anazima tableti yake, anasema asante mama, anageuka, na mimi, niliyesema nisimpe hata neno moja la ziada, nasikia mdomo wangu unamwita.

"Akaale. Gazeti ingine inakuja lini?"