Jina la Baba Mkwe

Daktari Nikolausi alisema mguu unakatwa asubuhi hiyo hiyo. Alisema hivyo akiwa amesimama, kalamu nyuma ya sikio, kama fundi anayezungumzia mlango. Mimi nilikuwa nimeketi sakafuni kando ya kitanda cha baba mkwe wangu, na shemeji yangu Michael, mtoto wa pili wa mzee, alikuwa dirishani akitazama nje.

"Umeoza huu," daktari akasema, akifunua shuka. "Tukiuacha, sumu inapanda na mzee anaondoka."

Sikumlaumu. Ungeuona mguu ule nawe ungesema hivyo hivyo. Ulikuwa umevimba toka unyayo hadi gotini, una vinundu vya zambarau iliyokaribia weusi, na jana yake mganga mmoja kule kwetu Basotu alivichoma kwa chuma cha moto. Damu ilitoka ikakataa kukatika, mpaka mzee akapoteza fahamu, ndipo Michael akakubali tukodi gari tumlete hospitali. Sasa mzee alikuwa anaweweseka, anawaita ng'ombe waliokufa zamani.

Lakini nilijua jambo ambalo daktari hakulijua. Kabla ya masika, daktari wa ngozi kutoka hospitali kubwa ya mbali alipita Katesh, nasi tukampeleka mzee. Alikata kinyama kidogo mguuni, akachukua na damu, vikapimwe. Akatuambia huenda ni saratani ya ngozi inayotokana na kirusi, na kwamba dawa ipo. Michael hakusikia saratani wala dawa. Alisikia kirusi. Siku zile kwetu kirusi kilikuwa kimoja tu, na mwenye nacho hata kibuyu chake cha pombe kilitengwa. Tulipofika nyumbani akaitupa kadi ya mzee motoni, na jibu hatukulifuata. Mume wangu angelifuata, ila yeye alikuwa Mererani machimboni, anatafuta utajiri ambao mpaka leo haujatuona.

Nikamweleza daktari habari ya kinyama. Akamgeukia Michael.

"Ni kweli?"

"Huyu mama hajalala," Michael akasema. "Hakuna kinyama chochote."

Daktari alikuwa mtu wa haki, nakiri hilo. Alitoa simu yake, akapiga maabara ya ile hospitali kubwa, akawasomea jina lililoandikwa kwenye faili: Pascal Tluway. Akasubiri. Akakata simu.

"Hawana mtu huyo."

Hapo nikaelewa. Michael ndiye aliyemwandikisha baba yake pale mapokezi, na alitoa jina la uongo. Tena jina la kabila jingine, la watu wa Dongobesh, kwa mzee wa Kidatoga mwenye chale kuzunguka macho! Hata kudanganya kuna ufundi wake.

"Hilo si jina lake," nikasema.

"Basi anaitwa nani?"

Kwetu mke hataji jina la baba wa mume wake. Hata neno linalofanana nalo unalizunguka, unatafuta jingine. Kulitaja ni kumvua mzee nguo mbele ya watu, na akifa baada ya hapo, umemuua wewe. Tangu niolewe jina lile lilikuwa halijapita katikati ya meno yangu. Kuandika sijui, baba yangu alisema shule haikamuliwi maziwa.

"Shemeji," nikamwambia Michael kwa Kidatoga, "sema wewe."

"Niseme ili itangazwe ana nini? Mzee wa mguu mmoja bado ni mzee. Akijulikana ana ugonjwa ule, nani atakuja kumjengea kaburi la heshima?"

"Hajafa!"

"Nyamaza, Sara."

Nesi Rogathe akachungulia mlangoni. "Daktari, chumba kiko tayari."

Nikasimama. Sitajisifu hapa kwamba ulikuwa ujasiri, zilikuwa hasira. Nikainama sikioni kwa mzee nikamwomba radhi. Kisha nikalitaja, jina lake na la baba yake, kwa sauti ya kumfikia daktari. Usitegemee nitalirudia. Michael alijishika kichwa kwa mikono miwili. Mzee akaacha kuweweseka. Macho yake yakafunguka, na hayakumtafuta mtu mwingine ila mimi.

Daktari akapiga tena. Akataja jina, akasubiri, kisha akachomoa kalamu sikioni akaandika aliyosomewa.

"Rogathe," akasema hatimaye, "rudisha vifaa. Hatukati."

Akaketi ukingoni mwa kitanda. Akatuambia ni saratani iitwayo Kaposi. Inaota kwenye mishipa midogo ya damu, ndiyo sababu ya ile rangi, na ndiyo sababu mzee alivuja vile alipochomwa.

"Kwa hiyo ni ukimwi," Michael akasema.

"Hapana. Walimpima, hana. Hiki ni kirusi kingine kabisa. Watu wengi wanacho, kimelala tu mwilini, na hakiwafanyi kitu mpaka wanakufa na uzee wao. Ukimwi ukidhoofisha kinga huwa kinaamka. Lakini kwa baadhi ya wazee wa huku kinaamka hata bila ukimwi."

"Na mguu?" nikauliza.

"Ningeukata, na kesho vinundu vingeota kwingine. Dawa yake ni ya dripu, kwa awamu. Tutamwongeza damu, tutasafisha kidonda, kisha aende akaanze kule hospitali kubwa."

"Atapona?"

"Vinundu vitasinyaa. Kwamba havitarudi kamwe, hilo siwezi kukuahidi, mama. Akiitwa kupimwa, aende."

Michael aliketi sakafuni akalia. Sikumbembeleza.

Mzee alirudi Basotu ngano ikiwa imeshavunwa. Nywele zilikuwa zimepukutika na mashavu yameingia ndani, lakini mguu ulikuwa umerudi kuwa mguu, na vinundu vimebaki mabaka tu. Nilimwamkia, hakuitikia. Kesho yake alipita mbele ya mlango wangu bila kugeuka, akaenda kuwaita wazee wa ukoo waje wanihukumu.

"Ulilitaja?" wakaniuliza.

"Nililitaja."

"Unajuta?"

Ningejuta, faini ingekuwa mtungi mmoja wa pombe ya asali, na mambo yangeishia hapo. Michael alikuwa ananikonyeza nikubali. Mimi nilikuwa nautazama ule mguu.

"Sijuti. Hata leo ningelitaja."

Mzee mwenyewe ndiye aliyeinuka kutamka kwamba mitungi iwe miwili, na aliinuka bila fimbo, bila kushikwa na mtu. Nililia kwa furaha pale pale mbele yao, wakadhani nalilia asali.