Nyuki Waliomhama Karangwa

Mume wa Mukankusi alipofariki, shemeji yake Karangwa hakungoja hata matanga yaishe. Alifika kijijini Bihambwe na wanaume wawili, akateremsha mizinga yote ya marehemu, akaenda kuitundika kwake ng'ambo ya kijito. Mukankusi alipouliza, aliambiwa nyuki si kazi ya wanawake. Moyo wake haukupoa. Alipoanza kulima bustani mbele ya nyumba, hakuwa akitafuta uzuri.

Dancille, mke wa katekista, alimletea waridi za misheni. Mukankusi alizipanda, akazichunguza. Nyuki walipita juu yake bila kutua, naye akazing'oa. Kisha akazunguka mashambani kuona wanajaa wapi: kwenye maua meupe ya mubirizi, ule mti mchungu wa dawa, kwenye alizeti, na asubuhi kwenye maboga. Hivyo ndivyo alivyopanda. Mubirizi ukawa ua wa nyumba, alizeti zikakaa ndani, maboga yakatambaa chini. Katikati akatundika mzinga mtupu aliousuka mwenyewe na kuupaka nta.

Karangwa naye alivuna kwa pupa, akiwachoma nyuki kwa moto na kukamua hata masega yenye watoto. Msimu uliofuata kundi moja lilimhama, likaingia kwa Mukankusi. Akasuka mzinga wa pili, nao ukajaa.

Karangwa alikuja amevimba. "Hizi nyuki iko yangu."

Mukankusi hakuacha kupalilia. "Uziite basi, shemeji. Kama zinakujua, zitakufuata."

Waliokuwa njiani walicheka, na kicheko kile Mukankusi alilala nacho kwa raha.

Raha ilikatika wakati wa mavuno. Béata, mke wa Karangwa, alikuja na kikapu cha maboga. Akaeleza kwamba nyuki wa bustani hii walivuka kijito kila asubuhi, na shamba lake halijawahi kuzaa namna ile, amekuja kushukuru. Kumbe muda wote huo Mukankusi alikuwa akimlisha adui yake. Béata hakumkosea kitu, alilijua hilo. Hata hivyo akamrudishia kikapu.

"Umuambie bwana yako, kila boga anakula, njo mimi nilimupa."

Béata alitazama chini, akaenda, na kwa kuwa hakuzoea kumficha mumewe neno, akalifikisha. Karangwa aliyabeba maboga yote ya ghala, akayatupa kijitoni mbele ya watoto wake. Mvua zilipochelewa, nyumba ile ilikula majani ya maharage.

Habari ilipomfikia, Mukankusi aliketi kwenye ua wake na kutabasamu, nyuki wakivuma juu ya kichwa. Tangu hapo, wakikutana njia ya kisimani, Béata huhamishia mtungi begani, upande wa Mukankusi, ili uso wake usionekane, na Mukankusi humpita bila kumwita.