Buibui wa Kushoto

Witness alifika Miteja na fremu ishirini za mbao, akapanga chumba kwa Bi Sada, mjane mwenye mikorosho nyuma ya nyumba. Alikuwa anafanya utafiti wa chuo kikuu. Kila fremu ilikaa buibui mmoja. Kumi wa kulia walilishwa nzi kila siku. Kumi wa kushoto, nzi mmoja kwa wiki.

“Hawa wamekosa nini?” Bi Sada aliuliza.

“Hawajakosa kitu, mama. Nataka kuona kama mwenye njaa anasuka utando mkubwa kuliko aliyeshiba.”

“Na akisuka?”

“Nitaandika.”

Bi Sada akatikisa kichwa. Nyumbani kwake hata paka wa jirani hakuondoka bila kulamba sahani.

Kwa wiki tatu Witness alipima tando kwa rula. Ajabu, wa kushoto walisuka tando ndogo, nyingine zimetoboka, wala hawakuhangaika kuzitengeneza. Alipowawekea nzi wao wa wiki, walimwacha aning’inie mpaka afe mwenyewe. Witness akamwandikia msimamizi wake, Dokta Valerian, barua pepe ndefu: vitabu vinavyosema mwenye njaa husuka zaidi vimekosea. Dokta akajibu kwamba kama ni kweli, jina la Witness litavuma. Witness akaanza kuandaa hotuba.

Kisha Bi Sada akaenda msibani Pande, akakaa siku kumi. Siku ya nne, tando za kushoto zilianza kupanuka. Siku ya saba zilikuwa zimegusa mbao pande zote, na nzi alirukiwa kabla hajatulia. Witness alipima mara mbili, akaketi chini.

Bi Sada aliporudi, alipita moja kwa moja hadi kwenye fremu, mkoba ungali begani.

“Masikini! Siku kumi tu, ona wanavyohangaika!”

“Mama, ulikuwa unawalisha?”

“Mchwa wawili watatu kila mmoja, asubuhi ukienda kuoga. Nilijua umewasahau. Msomi ana mambo mengi.”

“Sikuwasahau. Kuwanyima ndiyo kazi yenyewe.”

“Na chuo kinajua?”

“Ndicho kilichonituma.”

Bi Sada alimtazama kwa huruma ile ile aliyokuwa nayo kwa buibui, akaingia jikoni.

Witness aliandika barua ya pili, fupi sana, akaanza upya. Wenye njaa aliwahamishia chumba chenye kufuli. Wa kulia alimkabidhi Bi Sada, ambaye aliwashibisha hadi watatu wakaacha kusuka kabisa. Tofauti ilionekana hata bila rula. Dokta alifurahi, ingawa vitabu vilikuwa vimesema hivyo hivyo tangu zamani.

Ripoti ilipotoka, Witness alirudi Miteja kumsomea Bi Sada ukurasa wa shukrani: “Kwa Bi Sada, aliyesimamia kundi lililoshiba.”

Bi Sada akaridhika. Kisha akauliza, “Na aliyewatesa wale wengine, umemwandika?”

Witness akafunga ripoti, akamwonyesha jina lililokuwa juu ya jalada.