Kifaa Kinachokoroma

Bibi alirudi na mjukuu wake wa kike kwa daktari wa meno, amenuna. Awali binti huyo, anayelala naye chumba kimoja, alikuwa akihema kwa mdomo na kukoroma kama mashine ya kusaga. Daktari akasema kaakaa lake ni jembamba, pua inakosa nafasi, akampa kifaa cha kuvaa kinywani kilipanue polepole. Sasa binti analala amefunga mdomo na anaamka mchangamfu, lakini mkoromo uko palepale.

“Kifaa chenyewe ndicho kinachokoroma,” Bibi alisema. “Usingizi sipati hata wa dawa. Nakisikiliza usiku kucha.”

 Daktari alikitoa kifaa kinywani mwa binti aliyeketi kwenye kiti cha wagonjwa, akaenda kukiosha sinkini. Bibi akajiegemeza ukutani kwenye benchi, na punde mkoromo ukatikisa vioo vya kabati. Binti akamtazama daktari. Daktari akatazama kifaa kilicholowa kiganjani mwake.

Bibi akashtuka kwa kelele zake mwenyewe.

“Umesikia, daktari? Mimi si mtu wa kusingizia vitu vya watu.”

Mjukuu akashuka taratibu kwenye kiti cha wagonjwa, akakipangusa kwa kiganja.

“Bibi,” akasema kwa adabu, “karibu ukae.”