Swali la Fundi Cherehani

Siku wagombea uongozi wa mkoa walipohojiwa na wananchi, ukumbi ulifurika pomoni. Wapinzani wa mgombea mmoja, daktari, walimketisha fundi cherehani mmoja mstari wa mbele, maana miaka kumi na tisa nyuma mwanawe alifia mikononi mwa daktari huyo. Hospitali ilimwambia mama huyo kuwa alichelewa kumleta mtoto, na neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba.

"Wifi, leo ukifungua mdomo tu, huyu daktari anakosa kura, anarudi kutibu mafua," mke wa kaka yake alimnong'oneza.

Fundi akapewa kipaza sauti. "Daktari, mwanangu alikufa kwa sababu gani?"

Mpambe wa daktari alimsukumia kikaratasi cha majibu. Daktari hakukigusa. Alishuka jukwaani, akamsogelea mama yule.

"Alikuwa kitanda cha saba, akikataa kuvuliwa viatu vyake vyekundu," alisema, watu wote wakisikia. "Utumbo ulikuwa umejisokota. Ulimleta mapema, mama. Mimi ndiye niliyesema upasuaji usubiri hadi jioni. Nilikosea, na nikanyamaza ulipolaumiwa wewe."

Maishani mwake fundi hakuwahi kuona mtu mzima, tena mwomba kura, akijichongea mbele ya umati ili amtue mwenzake mzigo.

"Haya mama, waambie sasa wasimchague," mmoja wa wapinzani alimhimiza.

"Wewe mwanangu, mimi nilikuja na swali," fundi alisema, machozi yakimtiririka. "Nimejibiwa."