Kinyaa cha Mama Krimu

Ndani ya mpira wa maji kulikuwa na kitu kama kamasi. Kilikuwa kimeganda kwenye ukuta wa mpira, kirefu, cha rangi ya chai iliyolala, na kila maji yalipopita kilijinyoosha na kujikunja kama ulimi unaotafuta cha kulamba. Mama Krimu alikitazama akiwa amepiga magoti mbele ya kabati lililobeba tangi la samaki, na mdomo ukamjaa yale mate mepesi yanayotangulia kutapika. Akausukuma mlango wa kabati kwa goti, ukajifunga.

"Hapana," alisema. "Niambie nifanye chochote, bwana, lakini si hiki."

Mumewe alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, mkono wa kulia umelala mapajani kama mali ya mtu mwingine, macho yametua kwenye tangi. Mtaa mzima ulimwita Refa. Alikuwa amechezesha mechi tangu ujana, na hata miguu ilipochoka kukimbia uwanjani, majirani waliendelea kumletea magomvi yao naye akayaamua kwa kunyoosha kidole. Kisha asubuhi moja kiharusi kilimwangusha mlangoni mwa bafu, kikamnyang'anya upande mzima wa mwili na sehemu kubwa ya maneno yake. Yaliyobaki aliyatumia kwa ubahili.

"Watakufa," alisema hatimaye, akiwaonyesha samaki kwa kidevu.

Na kweli walikuwa wanakufa. Tangi lile lilikuwa bustani ndani ya maji: majani mafupi yaliyotandaa sakafuni kama zulia, magogo meusi yaliyovikwa mimea, na samaki wadogo wenye mstari mwekundu ubavuni waliozoea kukatiza huku na huko kama watoto waliotolewa darasani. Lakini baridi ilikuwa imeingia, na hita ya zamani, ile fimbo ya kioo iliyosimama ndani ya tangi, ilikuwa imepasuka. Sasa samaki walijikusanya kwenye kona moja chini, wakipumua kwa shida. Juu ya majani kulikuwa kumetanda utando wa kijani uliokolea hadi kukaribia weusi, na ukifunua kifuniko ulipokewa na harufu ya nguo iliyosahaulika ndani ya ndoo.

Kabla ya kuugua, Refa alikuwa ameagiza vifaa viwili vya kuunga kwenye mpira unaorudisha maji kutoka kwenye filta: hita inayopasha maji yakiwa njiani, na kichupa kidogo cha kuyachanganya na gesi ambayo mimea huipenda, itokayo kwenye mtungi uliokuwamo tayari kabatini. Vyote vingekaa ndani ya kabati. Alikuwa amechoka kuona fimbo na waya katikati ya bustani yake. Vifaa vilifika, naye akaanguka. Boksi likabaki pale pale chini, halijafunguliwa.

"Nimwite fundi wa duka la samaki?"

"Asije mtu."

Mama Krimu hakuuliza kwa nini. Sababu ilikuwa inanuka, imejaa chumba kizima, imeingia kwenye mapazia na kwenye mito ya viti. Mwanzoni mdogo wake Refa ndiye aliyekuwa akimwogesha kaka yake, lakini likizo yake ilikwisha, akarudi kazini mbali. Tangu siku hiyo Refa alikuwa akijipangusa mwenyewe kwa mkono mmoja, mlango umefungwa. Kila asubuhi mkewe alisimama mlangoni na beseni, anatabasamu: "Nikuogeshe leo, mume wangu?" Na kila asubuhi alijibiwa, "Nimeshajipangusa." Naye aligeuka na beseni lake akashukuru kimoyomoyo. Shukrani ile ilimkirihi kuliko harufu yenyewe.

Hakuwa mwanamke mbaya. Alizaliwa na kinyaa kama wengine wanavyozaliwa na kigugumizi. Utotoni aliwahi kuzirai kwa kuona kuku akitolewa matumbo. Ukubwani alipata kazi inayomfaa: kuoka keki za harusi jikoni mwake, ambako kila kitu kilikuwa cheupe, laini, na kinanukia vanila. Yai lenye tone la damu alilitupa pamoja na bakuli. Watu waliomwita Mama Krimu walidhani wanamsifu kwa keki zake, lakini Refa ndiye aliyembandika jina hilo, na alikuwa na maana yake. "Huyu," aliwaambia rafiki zake zamani, "dunia yote angeipaka krimu kama angeweza."

Samaki mmoja alipinduka, tumbo juu, akaelea taratibu hadi kwenye kioo. Refa alifumba macho. Chozi likatoka jicho moja tu, lile zima.

"Basi," Mama Krimu alisema. "Basi, nimesikia."

Alivaa glavu za kuoshea vyombo, akajifunga kitambaa puani baada ya kukidondoshea vanila, akatandika magazeti ya zamani, akaleta mabeseni. Refa alisogezewa kiti karibu. Alinyoosha mkono wa kushoto, na ghafla mkono ule ukawa wa uwanjani.

"Zima umeme. Funga koki. Zote mbili."

Alizima, akafunga. Akaichomoa filta kwenye mipira yake, ndoo nzito ya plastiki yenye kifuniko cha vibano, akaikokota hadi katikati ya magazeti huku amegeuza uso. Vibano vilikuwa vimekaza. Alipofungua cha mwisho, kifuniko kilitoka kwa mlio wa busu, na uvundo ukapanda.

Vanila haikufua dafu. Ilikuwa harufu ya kinamasi, ya maji ya maua yaliyosahaulika kaburini, ya kitu kilichokuwa hai na hakikupewa nafasi ya kufa vizuri. Sponji zilizokuwa za buluu zilikuwa zimevaa tope la kahawia, zito, laini, linalong'aa; na jambo lililomuumiza zaidi ni kwamba lilifanana kabisa na mchanganyiko wa keki ya chokoleti kabla haujaingia kwenye oveni. Ndani yake mlikuwa na magamba ya konokono na mguu mmoja wa kamba mdogo wa majini, mwembamba kama uzi.

"Sitaoka chokoleti tena maisha yangu," alisema kupitia kitambaa. "Niipeleke bombani?"

"La! Maji ya tangi. Suuza kidogo tu."

"Kidogo? Huu uchafu?"

"Unasafisha maji," Refa alisema. Alitulia, akayatafuta maneno, akayapata. "Vijidudu. Ukiua hao, umeua tangi."

Aliinamia beseni, akakamua sponji. Tope lilitoka katikati ya vidole vyake kwa mafungu, vuguvugu la mkono wake likaongeza harufu. Mwili wote ulimsisimka. Alijiona kichaa, mtu mzima anakamua uoza, kisha anarudisha mwingine ndani kwa heshima. Hata hivyo alikamua, akaziacha sponji kwenye beseni, akaigeukia mipira.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mpira wa kurudisha maji ulitakiwa kukatwa, hita iungwe katikati ikiwa imesimama wima, na juu yake kile kichupa cha gesi, mshale wake ukifuata njia ya maji. Mama Krimu alipima kwa macho ya mtu aliyezoea kukata keki za ghorofa, akashika mkasi mkubwa wa jikoni.

"Hapo," kidole cha Refa kiliamua.

Akakata. Maji yaliyobaki ndani yalitoka kwa kishindo, na pamoja nayo ile kamasi, yote, ndefu na baridi, ikateleza juu ya kifundo cha mkono wake, ikatafuta mlango, ikaingia ndani ya glavu.

Alipiga ukelele. Alivuta glavu, haikutoka. Alivuta tena, ikatoka na kumrushia ute shingoni. Kitambaa cha puani alikitoa kwa kuchelewa. Alitapika ndani ya beseni la sponji, akatapika tena, mikono yote miwili imeshika ukingo, machozi yakimtiririka, na alipokwisha alibaki ameinama vile vile, akisikia aibu ikimpanda mgongoni. Kisha akafanya alichokuwa akikifanya siku zote. Alijifuta, akainua uso, akamtazama mumewe na kutabasamu.

"Usitabasamu," Refa alisema.

"Nini?"

"Hilo tabasamu." Maneno yalitoka yanaburuza miguu, lakini yalitoka. "Unakuja na beseni. Unatabasamu. Kama unampa mgeni keki."

"Ulitaka nije nimenuna?"

"Naona pua yako, Krimu. Mimi refa. Naona."

Ute ulikuwa unamkauka shingoni. Muda wote ule alijidanganya kuwa adabu yake ni pazia zito. Kumbe alikuwa akimwendea mgonjwa wake kila asubuhi na karatasi ya zawadi usoni, naye mgonjwa anasoma kila kitu kupitia karatasi hiyo.

"Sema," Refa alisema.

"Niseme nini?"

"Sema tu."

Aliketi kwenye magazeti, akanyoosha miguu. Alikuwa amechafuka kiasi kwamba hakukuwa na kitu cha kulinda.

"Unanuka," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akajaribu tena, kwa nguvu. "Unanuka, mume wangu! Chumba kinanuka. Nikilala sebuleni nasema ni kwa sababu ya oda za keki, lakini ni harufu. Jana nimefua shuka zako nikiwa nimeshika pumzi hadi masikio yakavuma. Na ukiniambia hutaki kuogeshwa, nafurahi. Nafurahi! Unasikia? Halafu najichukia mchana kutwa."

Kitu kikaanza kutoka kifuani mwa Refa, sauti ya kukwaruza kama kiti kinachoburutwa, na Mama Krimu akadhani amemuua. Alikuwa anacheka. Upande mmoja wa uso ulicheka na mwingine ukabaki kuangalia, na mate yakamtoka kwenye pembe ya mdomo, yakaning'inia.

"Na hayo mate pia," alisema mkewe. "Siyawezi."

Refa alizidi kucheka, na mate yakazidi, na Mama Krimu akajikuta anacheka naye, mkono umefunika mdomo.

Alibadilisha maji ya beseni kwa mengine ya tangi, akazisuuza sponji upya na kuzipanga ndani ya filta bila kuambiwa, akafunga kifuniko, akarudi kwenye kazi. Alilowesha ncha za mpira kwenye maji ya moto zikalainika, akazisukuma kwenye midomo ya hita, akakaza nati, akaunga kichupa, akairudishia filta mipira yake. Mara ya kwanza alipofungua koki maji yaliruka na kumpiga kifuani. Pete ya mpira ilikuwa imekaa upande. "Rafu," alisema Refa. Akalegeza nati, akaipanga pete, akakaza tena, akapitisha karatasi kavu kila kiungio mpaka ikatoka kavu. Filta ikawashwa, ikakohoa hewa, ikatulia. Hapo tu ndipo alipochomeka hita. Gesi ilipofunguliwa, moshi mwembamba wa vitone ulienea majini, laini kuliko unga wa sukari, ukapita juu ya majani.

Samaki hawakushangilia. Walibaki pale pale konani. Aliyekufa alimwopoa kwa kijiko, akamfunga kwenye gazeti, na vidole vyake bila glavu viliihisi ngozi ile baridi yenye utelezi. Ilimkirihi kama mwanzo. Alitambua hilo kwa mshangao kidogo, kwani alitarajia kinyaa kingekuwa kimeisha, kama homa inavyoisha. Hakikuisha. Kilikuwa kimekaa kando yake tu.

Alikwenda jikoni akajisugua hadi kwenye viwiko, akapasha maji mengine, akarudi na beseni safi na taulo.

"Mdogo wangu akirudi..." Refa alianza.

"Mdogo wako hayupo. Nimebaki mimi na pua yangu."

Alimvua shati, halafu akamwegemeza kwenye bega lake ili amvue suruali. Alikuwa mzito kuliko alivyomkumbuka. Harufu ilimkabili uso kwa uso, nene, na chini yake kulikuwa na nyingine aliyokuwa hajaijua, tamu kidogo, iliyooza. Aligeukia dirisha, akavuta pumzi, akageuka tena. Akamlaza kwa ubavu.

Kwenye nyonga ya kulia, upande ule usiohisi kitu, palikuwa na kidonda. Kilikuwa kipana kama sahani ya kikombe, kingo nyekundu zilizovimba, katikati manjano na unyevu, na kipande cha nguo kilikuwa kimegandia humo.

Mate mepesi yakamjaa tena mdomoni. Akayameza.

"Hiki kimeanza lini?"

"Kipi?"

Hakujua. Alikuwa akiinusa harufu yake mwenyewe siku zote hizo akidhani ndivyo alivyo sasa.

"Una kidonda, Refa. Kikubwa. Nitampigia muuguzi wa zahanati aje leo."

"Asije..."

"Atakuja."

Tangi lilikuwa likivuma kwa sauti ya chini. Mkewe alichovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, akaanza kulowesha ile nguo iliyogandia, pole pole, ili itoke bila kuvuta ngozi.

"Kibaya?" aliuliza Refa, uso ukiwa ukutani.

"Kibaya."

"Kinatia kinyaa?"

"Sana," alisema Mama Krimu, akainama karibu zaidi ili aone vizuri.